Mtani wa Wayahudi wa Ziwani

Konsolata, fagio langu la makaburini umeshalishika, kwa hiyo kaa chini usome mwandiko huu kabla hujaharibu kitu. Nauandika mwenyewe kwa kalamu. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini wajukuu wangu wote wanasoma, na Oliva, yule mwalimu wa sekondari kule Mbinga, nimempa ruhusa ya kurekebisha herufi tu. Maneno asiguse. Akigusa nitajua.

Watu wakisikia nimestaafu wanauliza nilikuwa nani. Nikisema mtunza makaburi, wanasogeza kiti mbali. Nikisema makaburi ya Wayahudi, wanarudisha kiti karibu. "Wale wa kwenye Biblia, Bibi?" Hapana, si wale. Hawa walikimbia kwao Ulaya wakati Hitler anawaua wenzao, wakaja kuangukia huku kwetu ufukweni, si mbali na Ngumbo. Daktari na mkewe. Mama mzazi wa daktari. Fundi saa mmoja, ambaye sijui alitengeneza nini, maana enzi hizo huku nani alikuwa na saa? Na mtoto wa kike aliyechukuliwa na malaria kabla hajajua kukimbia. Makaburi matano, ukuta wa mawe unaofika kiunoni, geti la chuma, mteremko, halafu ziwa. Waliobaki hai, watoto wa daktari wakiwamo, walihama baada ya vita. Wa mwisho kuondoka alikuwa mdogo wake daktari, na aliwaomba mapadre waweke mtu wa kuwaangalia ndugu zake. Padre wa wakati ule akasema ndiyo, na parokia imeendelea kusema ndiyo mpaka leo, mara nyingine kwa kununa.

Mimi si wa ziwani. Nilizaliwa juu, Umatengoni, kwenye kahawa na baridi, nikaolewa huku chini kwenye joto na usipa, dagaa wa ziwa letu. Mume wangu alipofariki, parokia ikaniambia nikamsaidie Mzee Ndimbo, mtunzaji wa zamani, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumwonyesha makaburi kumi.

Siku ya kwanza nilikwenda kama Mkatoliki yeyote anavyokwenda makaburini: ndoo ya chokaa, fagio jipya na maua ya kukata. Mzee Ndimbo alikuwa amekaa juu ya ukuta anakula muhogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiyo chokaa ya nini?"

"Ya kupaka makaburi."

"Wamekuomba?"

Nikaiweka ndoo chini.

"Na hayo maua?"

"Ya kupamba, Mzee."

"Mpelekee mama mkwe wako, mpatane."

Kisha akanishika mkono, akaniingiza. Juu ya kila kaburi kulikuwa na vijiwe vidogo vimepangwa. Mimi nilishainua fagio. "We mama wa milimani! Hivyo havifagiliwi. Mtu wao akija kusalimia, haachi ua, anaacha jiwe. Ukifagia jiwe umemfukuza mgeni." Nikauliza mgeni wa mwisho alikuja lini. Akasema yeye mwenyewe hakumbuki, lakini mgeni yupo, si hilo hapo jiwe lake?

Basi nikajifunza. Jiwe la kaburi linaoshwa kwa maji matupu na gunzi la mahindi. Loweka kwanza, halafu sugua taratibu kama unaosha mgongo wa mtoto mchanga. Brashi ya waya inakula herufi, na herufi zenyewe zinasomwa kutoka kulia, kwa hiyo ukizila hakuna wa kuziandika tena huku Nyasa nzima. Chokaa inaziba. Sabuni inaacha madoa. Mchwa usiwamwagie dawa, chimba kichuguu wangali wachache. Ukitoka getini unanawa mikono, na hujifuti, unaacha ikauke yenyewe. Hilo la kunawa halikunishangaza, sisi pia tukitoka kuzika tunanawa. Nilichoshangaa ni kwamba nao wananawa. Nilidhani Wazungu hawana mikosi.

Kisha Mzee Ndimbo akafanya jambo ambalo lilinifanya nipige ishara ya msalaba. Alisimama mbele ya kaburi la daktari, akalipiga teke dogo kwa kidole gumba, akasema kwa sauti: "Wewe Daktari! Umelala tangu Mwingereza yupo, wagonjwa wamekusubiri wamechoka wamekufa! Amka uone, nimekuletea Mmatengo, hata kuogelea hajui!"

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, Konsolata, na usipopaelewa hapa rudisha fagio. Yule mtoto wa kike alipokufa, akiwa wa kwanza wao kufa huku, watu wa hapa walikwenda kusaidia kuchimba. Kaburi likakamilika, wakauliza, "Watani wa marehemu ni akina nani?" Wazungu wakatazamana. Hawakuwa na watani. Watu wetu wakashindwa kuendelea. Mtu anazikwaje bila mtani wa kumtukana, wa kuwachekesha wafiwa, wa kuziba njia adai kitu chake? Ni kama kuzika mbwa. Daktari, machozi yanamtoka, alipotafsiriwa akaangalia waliokuwapo, akamwonyesha kijana mmoja mchimbaji, akasema, "Basi huyu." Kijana ndiye Ndimbo. Akaingia kaburini akalala chali, akadai kofia ya daktari. Akapewa. Watu wakacheka, mtoto akazikwa. Tangu siku ile Ndimbo akawa mtani wa Wayahudi, na alipozeeka akanirithisha mimi. Kazi hii ina fagio na ina utani. Mapadre wanajua la fagio.

Kesi ngumu zilikuwapo. Nitasema tatu, nyingine nimezisamehe.

Ya kwanza ilikuwa usipa. Makaburi yale yana mabamba ya saruji, mapana, laini, na jua la saa sita likiyapiga yanakuwa kama kikaango. Akina mama wa ufukweni waliona mabamba, wakaona jua, wakaona dagaa wao wanapata mchanga kule chini. Asubuhi moja nafika, daktari na mkewe wamefunikwa usipa kichwa mpaka miguu. Mama Tumaini, jirani yangu, amekaa pembeni anafukuza kunguru.

"Mama Tumaini, nini hiki?"

"Shoga, wanakauka vizuri hapa! Wateja wa Mbinga wanasifu, hawana hata chembe ya mchanga."

"Unawaambia wateja walikokauka?"

"Kwani wameuliza?"

Sikugombana naye. Jumamosi nilikwenda gulioni, nikasimama karibu na beseni lake, nikawasalimu wale usipa kwa heshima: "Shikamoo Daktari, shikamoo mama. Naona leo mnasafiri kwenda Mbinga." Mteja akauliza ninaongea na nani. Nikamweleza. Tangu siku ile usipa wa Mama Tumaini una mchanga kama wa wenzake, na yeye mwaka mzima alinisalimia kwa nyusi.

Ya pili ilikuwa ya padre. Mapadre wanakuja na kuondoka, na kila mmoja anakuja na maendeleo yake. Huyu alikuwa kijana, mwema kabisa, na alisikitika kuona makaburi matano hayana msalaba. Siku ya Marehemu Wote akaja na misalaba mitano ya mbao, imepakwa vanishi, na kwaya nyuma yake. Nikasimama getini.

"Bibi Kapinga, tupishe. Nao wanahitaji huruma."

"Huruma leta, padre. Misalaba acha nje."

"Kwa nini?"

"Padre, siku wewe ukifa, nikikuvika kanzu na baraghashia nikakuzika hivyo kwa huruma, utafurahi?"

Kwaya ilicheka mpaka sauti ya tatu ikashindwa kuanza wimbo. Padre naye akacheka, akasali nje ya ukuta, na ile misalaba mitano tukaitumia kwa Wakatoliki waliokuwa wanaihitaji zaidi.

Ya tatu ni mchungaji mmoja wa kanisa la hema, ambaye alitokea mjini na gari lenye spika juu ya paa. Alitaka udongo. Alisema udongo uliokaa na Waisraeli unatoa mapepo, unafungua ndoa na biashara. Alikuja na vichupa. Nikamwambia, "Mchungaji, udongo huu ni wa hapa hapa. Mimi nimeukalia miaka yote na goti langu halijafunguka." Akasema sina imani. Nikasema sawa, chota basi ule wa nje ya ukuta, mbuzi wanapokojoa, udongo ni ule ule. Akachota. Nasikia ulifanya kazi sana.

Sasa naja kwenye kesi yenyewe.

Ofisi moja, sitaitaja, iliamua kwamba mteremko wetu unafaa kuwa ufukwe wa mapumziko. Kungekuwa na vibanda vya makuti, na barabara ya kushukia majini. Barabara, katika ufukwe wote huu mrefu, ikaonekana haina pa kupita ila juu ya daktari na wenzake. Wakatangaza kwa kipaza sauti: ndugu wa marehemu wajitokeze, makaburi yahamishwe kwa heshima. Ndugu gani? Hakujitokeza mtu. Ikasemwa basi hayana wenyewe.

Aliyekuja kusimamia ni Bwana Magesa, ofisa wa mipango, mtu wa Musoma, kijana mnene mwenye adabu na viatu visivyofaa mchanga. Alikuja na vibarua wanne wenye sururu, wote vijana wa hapa kijijini, na watu wakajaa ukutani kutazama. Mimi nilikuwa nimewahi. Nilikuwa nimekaa juu ya kaburi la daktari, miguu nimeinyoosha, kanga nimejifunga vizuri.

"Shikamoo, Bibi. Tunaomba utupishe."

"Marahaba, baba. Sipishi. Mimi ni mtani wa marehemu. Kaburi halifunguliwi mpaka nipewe changu."

Ukutani watu wakapiga vigelegele. Bwana Magesa akatabasamu, akatikisa kichwa. Nikaona anajua. Hata kwao Musoma mtani akilala kaburini humvuti mguu.

"Bibi yangu, hawa ni Wazungu. Wana utani na Wamatengo tangu lini?"

"Tangu babu yako anavua samaki kwenye lile bwawa lenu mnaloliita ziwa."

"Bwawa! Bibi, ziwa letu likikohoa, hiki kidimbwi chenu kinamwagika!"

"Lina magugu tu lile. Samaki wenu wanatembea na panga kufyeka njia."

Wote wakacheka, hata vibarua. Akacheka naye, akafuta jasho. "Haya, Bibi. Nimeshindwa. Unataka nini?"

"Una nini?"

Akatuma kuku aletwe. Nikasema kuku huyo ni mwembamba, arudi akasome. Akatuma kanga. Nikaigeuza nikasoma maandishi, nikasema haya maneno ni ya mke mwenza, na mimi sina. Akatuma soda na kilo ya sukari. Sukari nilimpa Mama Tumaini, ambaye siku hiyo tulipatana naye, na soda nilikunywa kwa sababu jua lilikuwa kali. Lakini nilikataa kuinuka.

"Basi sema mwenyewe, Bibi! Sema, mbele ya hawa wote!"

Hapo sikukurupuka, kwa sababu mtani akishataja, ametaja. Akipewa anainuka, hana neno tena, sururu zinashuka. Nikafikiri kitu ambacho Musoma hakipo, Songea hakipo, hata Dar es Salaam hakipo. Nikasema:

"Nataka kitu cha kwao. Kitoke kwao walikozaliwa, kiletwe na mtu wa damu yao, niwekewe mimi kwenye mkono huu. Siku hiyo nitainuka na mtachimba."

Bwana Magesa aligeuka kwa vibarua. "Chimbeni kaburi lile la pembeni, Bibi abaki hapo."

Vibarua wakaweka sururu chini. Mmoja, Fokasi wa kwa Haule, akasema, "Bosi, mtani hajaridhika."

"Hii ni kazi ya serikali!"

"Na hilo ni kaburi, bosi. Wewe utahamishwa. Sisi tutabaki nalo."

Na kweli alihamishwa, mwaka haukwisha. Aliniaga kwa heshima. Lakini neno langu lilibaki ofisini pale kama mtoto aliyeachwa: siku Bibi akipewa kitu cha kwao, barabara inapita.

Miaka ikaenda. Mzee Ndimbo alifariki, tukamzika nje ya ukuta, upande wa ziwa, maana alisema hataki kulala mbali na watu aliowatukana maisha yake yote. Kofia ya daktari tulimvika. Maofisa wakaja, wakaondoka. Halafu akaja huyu wa mwisho, kijana mwembamba mwenye haraka, suruali imembana mpaka anatembea kama korongo. Akasikia habari yangu, akacheka, akaingia kwenye mtandao. Konsolata, ofisi ile ile ambayo bomba letu la maji lilipopasuka haikuona fundi wa kulifunga, ilimtafuta mjukuu wa daktari ng'ambo ya bahari mbili ikampata.

Ofisa alifanya sherehe. Hema, viti vya plastiki, spika, ngoma za mganda, na bango lenye picha yake, kubwa kuliko maneno. Nyuma ya hema, kivulini, vibarua na sururu. Walikuwa wa kutoka mbali safari hii, wasiomjua Fokasi.

Mgeni alikuwa mzee wa rika langu, mrefu, masikio makubwa, anatembea kwa fimbo. Aliitwa Danieli. Alikuja na fundisho moja alilopewa na ofisa: kuna bibi, ni desturi, mpe zawadi kutoka kwenu, atafurahi. La barabara hakuambiwa. Mkalimani alikuwa mjukuu wangu Oliva, kwa sababu mkalimani wa ofisi alipata homa asubuhi hiyo. Ndiyo, homa. Usiniulize.

Nilikuwa nimekaa mahali pangu, juu ya daktari. Nilikuwa nimevaa gauni la Krismasi. Nitakwambia ukweli, niliogopa. Niliapa mbele ya kijiji. Nikipewa, naondoka.

Ofisa akashika kipaza sauti. "Na sasa mgeni wetu atamkabidhi Bibi zawadi yake!"

Mzee Danieli hakutoa kitu. Aliongea na Oliva, ambaye njiani alishamsimulia habari za matusi yangu, na Oliva akanigeukia. "Bibi, anauliza, wewe ndiye unayemtukana babu yake kila asubuhi?"

"Ndiye."

"Anaomba umtukane, asikie."

Nikainuka taratibu, kwa kutukana tu, si kwa kupisha, nikasimama pembeni ya kaburi, nikalipiga kwa kidole gumba. "Wewe Daktari! Mvivu! Mjukuu wako amezeeka kukushinda, amekuja na fimbo, na wewe bado umelala! Mkaribishe basi! Hata uji hujapika! Na masikio haya umempa ya nini, ya kupepetea mpunga?"

Oliva akatafsiri, masikio na yote. Mzee Danieli alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka, akawa analia, na hakuna aliyejua kama tupige makofi.

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa jiwe. Jiwe dogo, jeusi, la mtoni. Oliva akasema limetoka kwenye mto wa mji alikozaliwa babu yake. Kijiji kizima kilitegemea simu, au angalau saa. "Jiwe?" alisema Mama Tumaini. "Amepanda ndege na jiwe? Kwani hapa tumepungukiwa?"

Ofisa akaniinua mkono mwenyewe, akaufungua vidole. "Hapa, mzee. Mpe hapa."

Oliva alikuwa bado anaongea na mgeni, kwa sauti ndogo, maneno mengi kuliko yale ya ofisa. Mzee Danieli akaangalia mkono wangu. Akaangalia zile sururu nyuma ya hema. Akaniangalia mimi. Kisha akapita pembeni yangu, akainama kwa shida, akaliweka jiwe juu ya kaburi, katikati ya yale ya zamani. Akaenda getini, akanawa mikono, hakujifuta.

"Haya!" alisema ofisa. "Bibi ameshalipwa!"

"Mimi?" Nikauinua mkono juu, kila mtu auone. "Huu hapa, mtupu. Amepewa mwenye kaburi."

"Basi mtu alitoe lile jiwe pale ampe!"

Hakuna aliyesogea. Hata vibarua wa mbali walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Litoe wewe, baba," nikamwambia. "Mkono unao."

Ofisa aliangalia lile jiwe. Aliangalia mkono wake. Watu waliokuwa ukutani hawakucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi kwake. Akashika kipaza sauti akasema sasa tunaingia kwenye chakula.

Mwezi uliopita parokia iliniaga. Nilipewa kiti cha kuegemea, na hotuba iliyonitaja kwa jina la mwalimu wa katekisimu. Magoti yamekataa mteremko, kwa hiyo fagio, fyekeo na magunzi ni vyako, Konsolata. Mwanzoni utaona aibu kuwatukana. Anza na fundi saa, hana ndugu wa kukasirika. Mwulize saa ngapi. Mtoto wa kike usimtukane, mwimbie.

Lakini kazi niliyostaafu ni ya kufagia. Kudai sijastaafu. Wakija na sherehe nyingine, waambie Bibi Kapinga yupo nyumbani kwake, kwenye kiti cha kuegemea, na kila anayepita barabarani namwonyesha: mkono bado mtupu.